Mjomba Haji Mpanda, Mkaguzi Anakuja

Mfyuuu!

Huo ni msonyo wa kijana wa bodaboda, kijiweni kwetu Mpanda Hotel, na hakuutoa bure. Dada mmoja mhasibu wa mjini hapa, mwenye CPA yake na miaka ya kutosha ya kufunga hesabu, alijibanza na sisi kusubiri mvua ipite. Katika maongezi akatuambia anataka kuhamia Dar es Salaam, kwenye moja ya yale makampuni manne makubwa ya ukaguzi. Hataki kupanga foleni na watoto waliomaliza chuo jana. Anataka aingie kama mtu mwenye uzoefu wake. Mvua ikakatika, dada akaaga, akaondoka. Hapo ndipo kesi yake ikaanza kusikilizwa, mshtakiwa mwenyewe hayupo.

"Ana mjomba?" bodaboda akauliza.

Hakuna aliyejua.

"Basi hapo hamna kitu. Masaki huingii kwa sivii, wazee. Masaki unabebwa."

Vichwa vikatikiswa kukubali. Katavi hii hiyo ni imani kabisa, ukiipinga unaulizwa umehamia lini. Tumewahi kuwa na waziri mkuu wa kwetu, Mizengo Pinda wa Kibaoni, kuanzia 2008 hadi 2015. Mkoa wenyewe ulimegwa kutoka Rukwa mwaka 2012 yeye akiwa madarakani. Lakini hadi leo kila kijana wa hapa mwenye cheti atakuapia kwamba mikoa mingine ndiyo yenye watu mjini, sisi hatuna.

Na wengi wetu makampuni hayo tumeyajulia redioni. Mwanzoni mwa 2008 jina la Ernst & Young lilitamkwa hadi na wauza migebuka, maana ndio waliokagua akaunti ya madeni ya nje, EPA, pale Benki Kuu wakakuta shilingi bilioni 133 zimelipwa isivyostahili kwa kampuni 22. Gavana Daudi Ballali akatenguliwa, na kijiweni watu wakajifunza kwamba kumbe kuna watu kazi yao ni kufungua madaftari ya wakubwa na kuuliza hii ni nini. Makampuni manne yenyewe ni Deloitte, PwC, KPMG na hao Ernst & Young. Zamani walikuwa watano. Wa tano, Arthur Andersen, alianguka 2002 baada ya mteja wake Enron kufilisika huko Marekani. Ofisi zao Dar ziko upande wa Masaki na Oysterbay, na kwa mtu aliyekaa kwenye benchi letu, huko ni mbali kuliko Uvira.

Mzee wa Ushirika alikuwa kimya. Huyu enzi zake alizunguka Rukwa na Tabora akikagua vyama vya tumbaku, kwa hiyo mambo ya hoja na majibu ya hoja anayajua kwa makovu. Alimaliza kahawa yake, akageuza kikombe, kisha akasonya yeye. Msonyo wa mzee haufanani na wa bodaboda. Ni mfupi, na baada yake watu hunyamaza.

"Mwanangu," akasema, "hivi umewahi kujiuliza kwa nini watafute mtu wa nje mwenye uzoefu, wakati kila mwaka wanaingiza vijana wapya?"

Bodaboda hakuwahi kujiuliza. Mimi pia sikuwahi.

Mzee akaeleza. Vijana wanaingia kwa mkupuo, wanafundishwa kazi, wanakesha. Baada ya miaka michache kijana ameshapata CPA, amekuwa sinia, anaongoza timu. Hapo benki inamwita. Mgodi unamwita. Mradi wa wafadhili unamwita na gari juu. Anaondoka. Kwa hiyo kampuni hujikuta chini kumejaa wanaojifunza, juu wako wabia na mameneja, katikati hakuna watu wa kutosha. Januari ikifika, wateja wote waliofunga mwaka Desemba 31 wanataka hesabu zikaguliwe kwa wakati mmoja. Hapo mbia hana nafasi ya kumfundisha mtu kazi kuanzia herufi ya kwanza. Anamtaka anayejua kusoma mizania na kunusa tatizo, na ndiyo maana mlango wa wazoefu hufunguliwa miezi ya kuelekea msimu huo.

"Sasa mjomba wako," mzee akamalizia, "atamsaidia nini mbia Februari saa nne usiku, kazi imelala mezani?"

Bodaboda akasonya tena, ila safari hii kwa sauti ya chini.

Hapa na mimi niseme langu. Tunalia koneksheni kana kwamba lazima uifuate Dar kwa nauli. Wakati watu wenyewe wa Masaki wanakuja Mpanda! Benki zenye matawi hapa zinakaguliwa. Kampuni za tumbaku zinakaguliwa. Miradi ya wafadhili inakaguliwa hadi tone la mafuta. Halmashauri zetu ziko chini ya CAG, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, sawa, na vyama vya ushirika vina COASCO, lile shirika lililoundwa kwa sheria ya 1982; lakini Sheria ya Ukaguzi wa Umma ya 2008 inamruhusu CAG kuyapa makampuni binafsi kazi ya kukagua kwa niaba yake, na mashirika mengi ya umma hukaguliwa hivyo. Isitoshe, mtu wa ofisi ya CAG wa leo kesho anaweza kuwa mtu wa Masaki. Dunia ya wahasibu Tanzania ni ndogo. Anayekukagua leo utakutana naye tu.

Timu ikija utaitambua. Wawili au watatu, raba miguuni, laptopu mgongoni, wanauliza gesti yenye mtandao. Na sisi tunawapokeaje? Mhasibu mkuu ghafla ana msiba. Funguo za stoo ziko Inyonga. Faili la Machi lilikuwa hapa hapa, sijui nani kalichukua. Jioni sasa, ndipo ukarimu unaanza: mbuzi anachomwa, soda zinafunguliwa, mkuu wa idara anakumbuka kwamba na yeye alisoma Mzumbe. Kijana wa watu anakula nyama yake, anashukuru, anarudi gesti na kuandika hoja ileile. Na kichwani ameandika kitu kingine zaidi: wa hapa, hapana.

Huyu dada si wa hivyo. Nimewahi kwenda ofisini kwao kufuatilia malipo yangu ya uchapaji, nikakuta wakaguzi wapo. Mezani kulikuwa na orodha yao ya vocha walizozitaka. Kila vocha kaibandikia karatasi ya njano yenye namba inayolingana na mstari wa ile orodha, na nyuma ya vocha vitu vimefuatana: maombi ya ununuzi, LPO, hati ya kupokelea mali, ankara, risiti ya EFD. Mstari mmoja ulikuwa hauna vocha kamili. Pale kaweka karatasi aliyoandika kwa mkono kwamba hati ya kupokelea mali haijaonekana, kwamba mali yenyewe iliingia stoo, na ukurasa wa rejesta ya stoo unaothibitisha huu hapa, nakala yake ameambatisha. Hakungoja aulizwe. Kijana wa ukaguzi alisoma ile karatasi, akamtazama, akaisoma tena. Kisha akaendelea na mstari unaofuata. Malipo yangu hayakutoka siku ile, lakini hilo ni gumzo la siku nyingine.

Nilipowasimulia kijiweni, bodaboda akaruka: "Basi si angempa sivii palepale!"

Mzee wa Ushirika alishika kichwa. Hapo ndipo watu wengi wazuri wanapoharibu, akasema. Mkaguzi akiwa bado anakukagua, kumpa sivii ni kumtia doa yeye na wewe. Kanuni za maadili ya wahasibu zinamtaka awe huru na anayemkagua, awe huru kweli na aonekane huru. Atatoaje maoni juu ya hesabu za mtu anayemwomba kazi? Ukiwa na bahati atajifanya hakusikia. Ukiwa huna, ataripoti kwa bosi wake, na jina lako litafika Masaki kabla yako. Subiri hati itolewe, kazi ifungwe, mwezi uingie mwezi utoke. Ndipo utafute. Na ujue kabisa kwamba ukiajiriwa hawatakupeleka kukagua hesabu ulizozitengeneza kwa mikono yako.

Muuza kahawa, ambaye siku zote hujifanya hasikilizi, akauliza swali la maana kuliko yote. Ukishasubiri, unamtafutaje? Unaandika nini?

Nikatoa simu nikawaonyesha ujumbe ambao mpwa wangu aliwahi kumtumia meneja wa kampuni moja: "Shikamoo bosi. Mimi ni kijana mchapakazi mwenye kujituma, naomba kazi yoyote itakayopatikana, Mungu akubariki." Kijiwe kizima kikasonya kwa pamoja, kwaya ya kanisa haiwezi. Kazi yoyote! Meneja atafute kazi, atafute na mtu wa kuilinganisha nayo? Halafu ile shikamoo. Meneja mwenyewe ana miaka 31, mwombaji ana 36. Heshima ni nzuri, lakini ukimpa shikamoo mtu uliyemzidi umri, anaanza kuona aibu badala ya kuanza kusoma. "Habari za kazi" inatosha sana.

Mwenye uzoefu haandiki hivyo. Anaandika mistari michache: mimi ni fulani, tulikutana kwenye kazi fulani, nimefanya hiki na hiki kwa miaka hii, CPA ninayo, namba yangu ya usajili ni hii. Naomba dakika chache kwa simu nikuulize timu yenu inahitaji mtu wa aina gani msimu ujao. Basi. Anaomba taarifa, kazi itafuata kama ipo. Mtu hukataa kutoa kazi kwa sababu hana, lakini nani atakataa kuulizwa habari za ofisi yake? Watu wanapenda kuhojiwa. Ndiyo maana kijiwe hiki kipo.

Na kama hukukutana na mkaguzi yeyote, una lile kundi la WhatsApp la darasa lenu la chuo. Mnalo, msinidanganye. IFM, TIA, IAA, Mzumbe, kila darasa lina kundi, na ndani yake mnachoandikiana ni "pole kwa msiba" na "hongera kwa kifungua mimba" na orodha ya michango ya harusi inayokatwa na kubandikwa upya kila nusu saa. Mle ndani kuna mtu yuko Oysterbay. Umemchangia harusi, umemchangia kipaimara cha mtoto, hujawahi kumuuliza anafanya nini kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa. Huyo ndiye anayeweza kwenda kwa mkuu wake akasema, huyu nilisoma naye, alikuwa anatufundisha usiku kabla ya mtihani. Baadhi ya makampuni hata humlipa mfanyakazi kitu kidogo akileta mtu akaajiriwa. Sasa hapo nani anamfanyia mwenzake hisani?

Halafu kuna mkutano wa mwaka wa wahasibu, ambao bodi yao, NBAA, huuandaa kila Desemba. Wa kwetu wanaenda. Wanapewa posho, wanakodoa macho kwenye barabara za Dar, wanakaa meza moja wote watu wa Katavi, wanakula pamoja, wanapiga picha na bango, wanarudi na begi la mkutano. Ukimuuliza ulizungumza na nani, anakuambia alizungumza na mwenzake wa Nsimbo! Jamani, wa Nsimbo si unamwona kila siku sokoni? Nauli yote ile, mabasi, vumbi, ukakae na jirani?

Sasa niseme jambo ambalo nadhani dada mwenyewe halijui. Yeye anajiona mtu wa pembeni anayekwenda kuomba kukaribishwa. Lakini kampuni kubwa haihangaiki kutafuta kile ambacho vijana wake wa Dar wanacho tayari. Kukagua duka la nguo la Kariakoo wanajua. Je, nani kati yao amewahi kuona msimu mzima wa tumbaku, pembejeo inakopwa kupitia AMCOS, chama cha msingi cha ushirika, bei inatajwa kwa dola, mkulima analipwa kwa shilingi, makato yanakatwa juu kwa juu, na mwisho kila mtu analalamika kaibiwa huku karatasi zinaonyesha hajaibiwa, au kaibiwa kweli? Dada analijua hilo kwa miguu yake. Na wilayani Tanganyika kuna vijiji vinane vinavyolinda msitu wa milima ya Ntakata na kulipwa fedha za kaboni kupitia Carbon Tanzania. Kijiji kinapokea mamilioni mengi kwa ajili ya miti ambayo haikukatwa! Hiyo mali unaiandikaje kwenye daftari? Mapato unayatambua lini, hewa ilipopimwa, mnunuzi aliposaini au hela ilipoingia? Juni 2023 dunia ilipewa viwango vipya vya kutoa taarifa za uendelevu na tabianchi, IFRS S1 na S2, na tangu hapo makampuni ya ukaguzi yanakimbizana kupata watu wanaoelewa mambo haya nje ya vitabu. Mtu aliyekaa kwenye mkutano wa kijiji akasikia mzee akiuliza hela ya hewa imeenda wapi, huyo ana kitu cha kusema kwenye usaili ambacho hakuna mwingine chumbani atakisema.

Ila asiseme "nina uzoefu wa miaka mingi". Miaka si uzoefu. Wapo watu wamefanya mwaka mmoja huo huo mara kumi. Aseme: nilikuta usuluhishi wa benki haujafanyika miezi mingi, nikaufanya, nikakuta hiki, tukarekebisha hivi, hoja ikafungwa mwaka uliofuata. Mwenye kuhoji anainua kalamu.

CPA sina haja ya kuiimba. Bila hiyo, mlango wa wazoefu kwenye ukaguzi ni mwembamba mno. Mitihani ya bodi ipo Mei na Novemba, na kila mhasibu wa hapa anajua, hata yule anayesema kila mwaka kwamba atafanya "ujao". Na aliyenayo ahakikishe ada imelipwa na jina liko hai kwenye rejesta, maana hicho ni kitu cha kwanza watakachokichungulia.

Bodaboda hakukubali kushindwa kirahisi. "Sawa wazee, lakini mjomba bado yupo. Msinidanganye kwamba hakuna wanaobebwa."

Wapo. Nani atakataa? Nchi hii hii, kijiwe hiki hiki. Lakini ukaguzi una ubaya mmoja kwa aliyebebwa. Fungua taarifa ya mwaka ya benki yoyote, nenda kwenye ripoti ya mkaguzi, angalia mwisho wa ukurasa. Kuna jina la mbia aliyesaini na namba yake ya usajili. Mambo yakilipuka, bodi inamjua wa kumuuliza. Mbia anayesaini kwa jina lake ana sababu zake za kutotaka mpwa wa mtu asiyejua kutofautisha deni na mdaiwa. Atampokea kwa heshima ya aliyemleta, atamweka pembeni, na msimu wa pili utamkuta kijana anatafuta kazi ya kwenye mradi.

Kuna na uchungu ambao dada aujue mapema. Akiingia kama mzoefu, huenda wasimpe cheo alichonacho kichwani. Mhasibu mkuu wa wilayani anaweza kuwekwa sinia, chini ya meneja mdogo kwake kwa umri, anayemrudishia kazi yake ikiwa na maswali mengi pembeni, saa tatu usiku, kwa lugha isiyo na "samahani". Dar mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita. Mpunga wake wa Majimoto nani atauangalia? Muuza kahawa alisema yeye asingeenda hata kwa mshahara wa rais. Muuza kahawa hajaulizwa. Mimi naona aende, akae miaka yake, ajifunze wanavyofanya, na akitaka kurudi arudi na jina ambalo Sumbawanga hadi Kigoma watalitafuta.

Na nyie wabia wa Masaki na Oysterbay, maana najua gazeti linafika, tuna neno na nyie pia. Reli ya Kaliua hadi Mpanda, Mwingereza aliijenga kufuata madini ya risasi ya Mukwamba, hakufuata watu. Nyie msije mkafuata wateja tu. Barabara ya Tabora ni lami sasa, ndege inatua. Nafasi za wazoefu mkizitangaza, zisiishie kwenye simu za waliowahi kufanya kazi na nyie. Zipelekeni hadi kwa wahasibu wa Mpanda, Inyonga na Karema, na usaili wa kwanza fanyeni kwa video ili mtu asiuze mbuzi kwa ajili ya nauli ya kuambiwa hapana. Dada wetu yupo, vocha zake zimepangwa. Mpigieni.